Mwaka Niliozungumza na Ukuta

Mwaka 1988, nikiwa na miaka ishirini na minne, mke wangu Bhoke alishindwa kusimama. Alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, lakini alipotaka kushuka kitandani miguu ikakataa. Hospitali walimpa vidonge, wakamchua, wakasema tusubiri. Mimi nilikuwa nimefungua hoteli hapa Nyamisangura miezi michache tu kabla ya hapo: chumba cha udongo cha kupanga, meza mbili mbele, jiko nyuma. Mpishi alikuwa huyo huyo Bhoke. Kwa hiyo miguu yake ilipokataa, hoteli nayo ikakaa chini. Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika mama yake kule Morotonga, na pale msibani kuna jambo nilikataa kulifanya, wanangu wananung'unika mpaka leo. Wanasema mzee ana ukaidi. Mimi shule niliishia darasa la nne, sijui kuzunguka na maneno. Nitaeleza yalivyokuwa, halafu kila mtu aseme anachotaka.

Wanaokula kwangu leo wanakuta meza zimefutwa na chai inatoka moshi, wanadhani hoteli inajiendesha. Hoteli ni kazi ya kuwahi. Unawahi maji kabla foleni ya bombani haijawa ndefu. Unawahi maziwa kabla muuzaji hajayapitisha mtoni. Unawahi kuni kavu, maana ukichelewa mwenzako wa ng'ambo ya barabara amezibeba, wewe unabaki na mbichi zinazotoa machozi kuliko moto. Sukari ya mwaka ule ilikuwa inavuka mpaka wa Sirari kwa kujificha ndani ya mafurushi ya mitumba, na ukiipata unaifunika kama mtoto mgonjwa. Ukishawahi vyote hivyo ndipo anakuja mtu, anakaa kwenye kikombe kimoja tangu asubuhi mpaka jua la kichwani, halafu anakwambia chai imepoa. Nimeishi hivyo maisha yangu yote. Siku hizi goti la kulia linaamka kabla yangu, linaniambia, mzee, leo tena? Nalijibu, leo tena.

Bhoke alipolala, nilijaribu kupika mwenyewe. Kwetu mwanaume akishika mwiko watu wanauliza mke amefariki lini. Sikujali maneno, ila chakula chenyewe kilinishinda. Mpakiaji mmoja wa malori aliinua tonge lake juu, akawaonyesha wenzake, akaniuliza, "Mura, kijana, huu ugali umeusonga au umeufinyanga?" Jirani yangu Otieno, fundi cherehani aliyekuwa na baraza yake ukuta kwa ukuta na mimi, alikula samaki wangu kimya mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Omera, mimi Mjaluo, samaki namjua. Huyu amekufa mara mbili." Nikaajiri mpishi. Alikaa mpaka akapata mchumba dereva wa lori, wakaondoka pamoja na sufuria yangu kubwa. Baada ya hapo jiko likazimika.

Mwenye nyumba, Mzee Nyamhanga, alikuja na fimbo yake akakaa kwenye benchi. Nikampa shikamoo, akaitikia akitazama mlango wa jikoni. Akasema, "Kijana, mimi nilipangisha hoteli. Hoteli ni moshi. Nikiendelea kupita hapa asubuhi bila kuona moshi, kuna mtu wa Sirari anataka chumba hiki aweke bia." Nikamwambia, "Nimesikia, mzee." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu anayepaza sauti bado anabishana na wewe. Kabla ya hoteli nilikuwa kwenye mashimo ya dhahabu Nyakunguru. Nilishushwa kwa kamba, nikapandishwa kwa kamba, na siku moja nikaona mwenzangu anapandishwa hasemi. Niliapa sishuki tena. Chumba kile kikiondoka, kwangu kilichobaki ilikuwa kamba.

Wakati huo mama yake Bhoke alikuwa ameshafika kumuuguza binti yake. Hapa wasio Wakurya wanisikilize vizuri. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Chuki haimo. Ni heshima, na ndani ya heshima hiyo mna aibu kubwa. Chumba tulichokuwa tukiishi mimi na Bhoke ndicho alichofikia, kwa hiyo mimi nikahama. Nikawa nalala hotelini juu ya mabenchi mawili niliyoyaunganisha. Nikitaka kumwona mke wangu na mtoto, nasimama kwenye kona ya ua, nakohoa. Nasikia kandambili zinatoka mlango wa nyuma. Nakohoa mara ya pili, naingia. Kikohozi kile kilikuwa hodi yangu katika nyumba niliyoilipia mwenyewe, na sikuona ajabu. Nilichokuwa nakiona cha ajabu ni Bhoke kulala tu, mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mkaa huku anacheka.

Siku moja nimeingia, ananiambia, "Mama anauliza kwa nini jiko limezimwa."

"Mwambie mpishi anaumwa."

"Anasema mpishi anaumwa miguu. Yeye mikono yake haiumwi."

"Bhoke, jiko lile na mimi tumetenganishwa na mlango usio na hata pazia. Watu watasema nini?"

"Hao watu wanakula kwako?"

"Hawali."

"Basi waseme wakiwa na njaa."

Nikamwambia anipe siku nifikirie. Akamgeuza mtoto upande wa pili, akasema, "Fikiria. Mwenzako ameshaondoka na mwiko."

Nilipofika hotelini moshi ulikuwa unatoka juu ya paa. Mzee Nyamhanga alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ameegemea fimbo, anautazama. Aliutazama kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wakiingia zizini, akaenda zake. Mimi sikuingia. Nilimwita Otieno, tukabeba matofali mabichi na udongo, tukaziba ule mlango wa katikati, tukaacha tundu la kupitisha sahani usawa wa kifua. Mama mkwe ndani akaendelea kukoroga kana kwamba ni jirani anajenga. Otieno akakata kipande cha kaki kilichobaki kwenye kaptula za shule, akakipiga mishono miwili ya cherehani, akakitundika kwenye tundu. Akarudi nyuma kukitazama, akasema, "Sasa una dirisha la benki."

Hatukuwa tumefikiria jinsi ya kusemezana. Akaja yule mpakiaji wa malori, akaagiza ugali na maharage. Nikasimama mbele ya lile pazia. Kumwita siwezi, kumtuma mtu sina. Mwisho nikasema, "Ukuta, ugali maharage, mmoja." Mpakiaji akaanza kucheka. Halafu ndani ikatoka sauti, nzito, haina haraka: "Ukuta, mwambie maharage bado. Kuna dagaa." Pazia likainuka kidogo na mikono ikatoa sahani. Ndiyo mara ya kwanza niliiona mikono ile. Mipana, ukucha wa dole gumba la kushoto umepasuka katikati, bangili ya shaba imekaa juu ya kovu la moto. Ilitua sahani bila kuigonga. Mpaka leo naweza kuitambua katikati ya mikono ya soko zima.

Basi tukaendesha hoteli hivyo. Nilikuwa nikiuambia ukuta mahitaji, ukuta ulinijibu, na baada ya muda ukaanza kunikaripia. "Ukuta, hizi kuni zinalia. Aliyezinunua alikuwa anatazama wapi?" "Ukuta, kuna mtu hapo mbele anawapimia watu nyama kama anagawa dawa ya kuhara." Nilikuwa nakasirika, halafu naongeza nyama, halafu naona mteja amerudi kesho na mwenzake. Siku za mnada alipika kichuri, nyama yenye ule mchuzi mchungu wa tumboni mwa mnyama, na wachuuzi wa ng'ombe wakawa wanashuka moja kwa moja kwangu na vumbi lao. Wateja nao wakaanza utani: "Ukuta, mchuzi kidogo! Ukuta, mimi sijaoa kwako, nichungulie!" Mikono ikatoka na mwiko, ikagonga sahani ya msemaji, ikarudi. Watu walicheka mpaka barabarani. Sikuwahi kuandika jina juu ya mlango. Watu wenyewe walisema, twende kwa Ukuta, na hivyo ndivyo wanavyosema hadi sasa.

Kulikuwa na nesi mmoja wa hospitali, mtu wa Iringa, mwembamba, aliyekuwa akija kula mchana na sare yake nyeupe. Ndiye aliyekuwa akimchua Bhoke miguu. Jambo letu lilimkera kweli. Akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Marwa, huyu mama analea mtoto wako, anamuuguza mke wako, anakupikia, na wewe unazungumza na udongo. Kwetu mama mkwe ni mama. Nikimwona namkumbatia." Nikamwambia, "Kwenu ni kwenu, nesi. Kula." Kabla hajajibu, pazia likatikisika. "Ukuta, huyo mgeni mwongezee nyama. Amekonda kwa kukumbatiana." Yule nesi alicheka akapaliwa, tukampiga mgongoni. Lakini hakuacha kunitazama kana kwamba nimeficha kitu.

Ikaja siku ya mnada. Hoteli imejaa, watu wanakula wamesimama, vikombe havitoshi, navisuza huku naagiza. "Ukuta, supu tatu." Kimya. "Ukuta, supu tatu na chapati." Pazia halikusogea. Nikasikia sufuria ikibingirika taratibu, kisha hata hiyo ikanyamaza. Wateja wakaanza kugonga meza. Mmoja akasema, "Leo ukuta umelala." Mimi nilijua si usingizi. Mtu ukishafanya naye kazi unajua hata anavyopumua. Nikatoka mbele, nikazunguka nyumba, nikafika kwenye kona ya jiko, nikakohoa. Nikageuza uso barabarani. Nikasema, "Ukuta, kuna nini?"

Sauti ilikuja kama inatoka ndani ya nguo. "Ukuta, mwambie supu imemwagika. Imenipitia mguuni. Apeleke chai kwanza."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika ubao wa mlango. Nadhani alisikia ubao ukilia, kwa sababu alisema haraka, "Ukuta, asiingie." Baadaye Bhoke alinieleza kwamba supu ilipomwagika mama yake alijaza pindo la kanga mdomoni asipige kelele. Alijua akipiga kelele nitaingia. Alinijua vizuri. Ningeingia. Nilisimama pale, mkono juu ya ubao, nikawaza yote kwa pamoja: mguu wake, moto, wale watu wanaogonga meza, Mzee Nyamhanga na moshi wake. Kisha nikauachia ubao, nikakimbia. Nilikimbia na aproni kiunoni kupitia katikati ya soko mpaka hospitali, na watu wakadhani namkimbiza mwizi, wengine wakanifuata na fimbo.

Nesi alikuja na dawa na hasira. Aliingia jikoni, akakaa huko, mimi na Otieno tukabaki nje tumeupa mlango mgongo. Alipotoka alisimama mbele yangu. "Mguu umevimba kama mkate, na nyinyi mnaongea na ukuta! Ungeingia ungekufa?"

Nikamwambia, "Nisingekufa. Yeye angehama."

"Angehama kwenda wapi na mguu ule?"

"Kwao Morotonga. Angetembea. Aibu ingembeba."

Akafunga mfuko wake wa dawa. Sidhani kama alikubali. Na mimi nilikuwa nimesema kweli. Ningevunja ile heshima, hata kwa kumsaidia, asingeweza tena kusimama nyuma ya lile pazia. Na akiondoka yeye, moto umeondoka. Wasomi wananiuliza kama najuta kutoingia. Siwezi kujuta kitu alichonikataza mwenyewe. Siku iliyofuata nilikuta moshi unatoka kama kawaida. Otieno alichungulia akanieleza: amekaa kwenye kigoda, mguu uliofungwa bandeji uko juu ya tofali, anakanda unga. Nikasogea kwenye pazia. Nikataka kusema pole. Nikasema, "Ukuta, chai mbili." Mikono ikatoa chai mbili, na pembeni ikaweka andazi moja ambalo hakuna mtu aliyeliagiza. Nilikula andazi lile nimesimama, wateja wananiita, siwasikii.

Baada ya hapo watu wakanishauri. Mzee Nyamhanga alisema wapo wanaotoa mbuzi na blanketi, wazee wanakaa, heshima inalegezwa kidogo ili watu waweze kusaidiana. Otieno alisema yuko tayari kumtafuta mbuzi mwenyewe. Nikaona ni neno jema. Nikasubiri wateja wapungue, nikauambia ukuta habari yote, mbuzi na blanketi. Nikasikia mwiko unakwangua ukoko, unakwangua, unakwangua. Kisha: "Ukuta, mwambie amchinje huyo mbuzi, wateja wale. Mimi na yeye tunafanya kazi vizuri. Tukianza kutazamana tutaanza kugombana."

Nilicheka siku ile. Sasa sicheki. Tangu wakati huo nimeshirikiana biashara na watu wengi, watu niliowatazama machoni, tukapeana mikono, tukala pamoja. Na shemeji tulinunua basi, tukaishia polisi. Na rafiki wa utotoni tulifungua bucha, leo hunikwepa sokoni, na hatuna ukwe wowote wa kutufanya tukwepane. Kila mmoja nilimwona uso wake ukibadilika, na mimi nadhani wangu aliuona. Mshirika ambaye sikuwahi kugombana naye hata siku moja ni yule ambaye ningekutana naye barabarani nisimjue.

Miguu ya Bhoke ilirudi polepole. Alianza kwa kushika ukuta wa chumba, kisha fimbo, kisha akaweza kumbeba mtoto mpaka uani. Asubuhi moja niliagiza chai, na mikono iliyotoka haikuwa na bangili. Nikaishika ile mikono kabla haijarudi. Nikauliza, "Mama yuko wapi?" Bhoke akasema, "Amepanda lori la Mugumu alfajiri, amerudi kwao Morotonga. Alisema moto umeshashika." Nikabaki nimeshika vikombe. Baadaye nikasema, "Ukuta, maandazi manne," na Bhoke akafunua pazia lote, akatoa kichwa, akacheka: "Mimi si ukuta, Marwa. Nitazame!" Nilimtazama, nikafurahi kwamba amesimama. Lakini ilinichukua muda mrefu kuzoea kuagiza huku namwona mtu.

Basi mwezi uliopita tukaenda Morotonga. Wakati wa kuaga mwili ulipofika, jeneza lilikuwa na kioo upande wa uso, na mwendesha shughuli akasema kwenye kipaza sauti kwamba wakwe nao wapite, mambo ya zamani tumeyaacha. Wakwe vijana wakapita na simu zao. Akanitaja mimi: "Mzee Marwa, mkwe mkubwa, karibu umuage mama." Watu wote wakageuka. Binti yangu, yule aliyezaliwa mwaka ule, akanivuta mkono, "Baba, twende. Hutamwona tena." Nikamwambia, "Mwanangu, sijawahi kumwona." Walikuwa wamemfunika mpaka kidevuni. Ile ninayoijua, mikono, ilikuwa chini ya shuka. Wangenionyesha kile alichokaa mwaka mzima akikisitiri nisikione, hata mguu unaungua, halafu wangenificha kile alichonipa. Nikakataa. Nikachukua fimbo yangu, nikaondoka mbele ya watu wote, goti linalia.

Nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka jikoni kwake, pale wanawake walipokuwa wanapikia msiba. Ukuta wa udongo, mweusi kwa moshi. Nikauwekea kiganja, nikakohoa. Nikasema, "Ukuta, mwambie nimefika." Ndani mwanamke mmoja nisiyemjua akapaza sauti, "Nani huyo? Chai bado!"

Nikasema ahsante, nitasubiri.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Nyamisangura, hati ina jina langu na la Bhoke. Nina kile chumba cha Mzee Nyamhanga, niliuziwa na wanawe, na vyumba viwili vya pembeni, kimoja ndicho alichokuwa akishonea Otieno. Nina hoteli yenye meza kumi na moja, friji mbili, moja mbovu. Nina pikipiki ya kubebea maji. Nina ng'ombe wa maziwa, siuziwi tena maji ya mto. Nina shamba la migomba. Nina watoto watano, mkubwa ndiye mwenye jiko. Nina goti moja zima. Na katikati ya hoteli nina ukuta mmoja wa udongo, fundi alitaka kuubomoa tulipojenga upya, nikamwambia ajenge kuuzunguka. Una tundu usawa wa kifua, na pazia la kaki.